Handaki la Masaka

Jumamosi, 14 Juni 2025
Kiwanja chetu cha Masaka kimefyekwa! Miaka saba ya kupanga nyumba Kimironko, hapa Kigali, inakaribia kwisha. Ila majani yalipoondoka tukaona handaki – pana, lenye kina cha kiunoni, limekizunguka kiwanja karibu chote. Fundi anasema tingatinga litalifukia siku moja. Gakwaya, mume wangu, mwalimu wa historia, akashuka ndani. Kumtoa – kazi!

Jumapili, 15 Juni
Chakula chote ni mhadhara wa Gakwaya. Eti Uingereza, miaka mia saba iliyopita, mabwana wa mashamba walizungushia nyumba zao mahandaki ya maji. Si kwa vita tu – kwa heshima pia, na kufuga samaki. Nyumba nyingi zimeoza, mahandaki yapo, na ndiyo yanayosimulia watu walivyoishi. Kwa hiyo letu tusiliguse kabla ya kuulizia. Akirusha mikono, mchuzi ukamwagika. Nilimpenda sana. Sikumwambia.

Jumatano, 18 Juni
Ugomvi. Nilisema nataka jiko, sitaki historia. Akaosha vyombo vyote, hata visafi.

Alhamisi, 19 Juni
Mama mkwe, Mukarugwiza, alinipitia sokoni, kwenye cherehani yangu, akiniletea ndizi. Amezaliwa Masaka, nikamuuliza.
"Ile handaki iko ya zamani, mukazana. Babu yangu alichimba." Mukazana ni mimi, mke wa mwanawe.
Chifu aliwaita wanaume wa mlima mzima, wakachimba masika yote, bila ujira. Babu alirudi hana vidole viwili. Jina la chifu halikumbuki.
Sasa tulifukie?
Akanitazama. "Kazi yake yote ile, mufukie?"
Mbona hakumwambia mwanawe?
"Hajaniuliza. Yeye anauliza vitabu."
Nilicheka hadi uzi ukakatika.

Jumatatu, 23 Juni
Naandikia juu ya tofali. Tingatinga limefika saa mbili. Gakwaya amesema uamuzi ni wangu, na hatanuna. (Atanuna.) Dereva akauliza aanzie wapi. Nikamwambia azime kwanza. Hadi lini? Nikageukia handaki.
Mama mkwe, niliyemwita aje, ameteleza kwa makalio hadi chini, na kitenge chake! Anapapasa udongo kwa kiganja, anamsimulia mwanawe kwa Kinyarwanda, haraka mno kwangu. Gakwaya amepiga magoti kando yake, haandiki chochote. Analia? Analia.
Sasa Gakwaya ananiita nami nishuke. Dereva anauliza mara ya tatu hadi lini. Nashuka –