Ulichokiacha Kikapuni

Papa,

Sista anayetufundisha Kiswahili anasema barua huanza kwa kumjulia hali yule anayeandikiwa. Nimekaa na kalamu nikitafuta namna ya kukujulia hali, nikashindwa. Basi naanza na habari. Umeandikiwa ujumbe, Papa. Si na mimi. Duka limekuandikia.

Ilikuwa jana, nilipotoka shule. Paneli ilikuwa imepata jua la kutosha, nikawasha kompyuta yako kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika. Nilitaka tu kusikia wimbo wa Mama, ule ulioutunga na kuuacha bila gitaa. Niliunganisha intaneti ya simu, na kabla sijafungua chochote ujumbe ukatokea juu ya kioo, kwa Kifaransa kizuri, wenye jina lako zima: Umesahau kitu ndani ya kikapu chako. Bei imepunguzwa. Rudi kabla ya Jumapili.

Nilitazama mlango. Najua ni upuuzi, nina akili zangu, lakini nilitazama mlango kama mtu aliyesikia hodi.

Hawajui. Mtaa wetu wote wa Ndosho unajua. Mama anayeuza makala pale kwenye kona bado hawezi kuniangalia usoni. Ila huko mbali kuna duka linaloamini kwamba umetoka kidogo tu na utarudi kumalizia ununuzi wako. Nilifunga kompyuta, nikaifungua tena, na wewe ulikuwa bado mteja.

Ndani ya kikapu mlikuwa na kitu kimoja. Maktaba ya sauti za arpeji. Nilisoma maelezo yote polepole, kama ulivyonifundisha kusoma kabla ya kubonyeza: maelfu ya vipande vifupi, akodi zilizovunjwavunjwa, noti moja baada ya nyingine badala ya kupigwa pamoja. Unachagua kipande, unabonyeza funguo moja, mashini inakuchezea yote. Papa, ni kazi yako ile. Ni mi-solo, gitaa la katikati, lile linalotembea kati ya gitaa linaloongoza na gitaa linalosindikiza. Na wewe ulikuwa unaziita nini sauti kama hizo? Mashini ya wavivu. Ulisema hivyo mbele ya kwaya nzima, yule kijana wa kinanda alipoleta chake kipya, na ulicheka mpaka ukakohoa. "Sauti unaweza kupiga na mukono yako, usiinunue." Ulinirudia maneno hayo mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Sasa imekuwaje mashini ya wavivu ikawa ndani ya kikapu chako?

Nilimuuliza Papa Dieudo, mpiga besi wenu, alipopita kutusalimia. Anapita karibu kila siku, anakaa kwenye kiti chake kilekile, kile chako hakigusi. Alitikisa kichwa.

"Nunua, mutoto. Nitalipa na carte ya banki ya mukubwa wangu. Siku ya kuondoa matanga ule wimbo hauwezi kuimbwa na shimo katikati, kama barabara ya Ndosho."

Nikamwambia kwamba wewe hukupenda mashini.

"Papa yako alikuwa na kichwa nguvu, tulikuwa tunamujua wote. Lakini kama ni yeye aliiweka pale, basi ni mapenzi ya marehemu. Weye ni nani wa kukatala?"

Ngoma zipo kwenye wimbo, besi yake ipo, sauti za akina mama wa kwaya zipo. Mahali pa gitaa lako pamebaki wazi, na siku ya kuondoa matanga inakaribia. Mama anajua kwamba wimbo ni wake, lakini hajawahi kuusikia. Ulikuwa unamfungia mlango.

Basi nilifanya kama mwanafunzi. Nilisikiliza mifano yote waliyoiweka dukani, nikiwa nimevaa vile vidude vyako vya masikioni. Nitasema ukweli, ni sauti nzuri. Moja ilikuwa kama mvua inayoanza juu ya mabati. Nyingine ilifanana na likembe, ile inayopigwa kwa vidole gumba. Hakuna waya uliokwaruza, hakuna mbwa aliyebweka nyuma. Lakini zote zinatembea sawasawa. Kila noti inafika saa yake kamili, hatua, hatua, hatua, na baada ya muda nilianza kusikia viatu. Unajua ni viatu gani. Vilipita mbele ya nyumba yetu asubuhi nzima ile wapiganaji walipoingia mjini, na sisi tumelala sakafuni chini ya madirisha. Nilivua vidude vile nikavitupa kitandani.

Hakuna hata moja inayoshusha ng'ombe.

Hilo ndilo neno letu na sijui kama kuna nyumba nyingine inayolitumia. Ulizaliwa kwenye milima ya Masisi, na ulisema ng'ombe akishuka mteremko haweki miguu sawasawa: wa kwanza, wa pili, anasita kidogo, anapima jiwe, ndipo anaweka wa tatu. Nilipokuwa mdogo ulinipandisha juu ya lile rundo la mawe meusi nyuma ya nyumba na kunishusha kwa mkono, huku ukiimba noti kwa kila hatua, mpaka miguu yangu ikajua mahali pa kusita. Kwaya walikucheka. Papa Dieudo alisema gitaa lako linachechemea, lipelekwe hospitali. Ukamjibu, "Ngoja siku weye utashuka kilima na maziwa ku kichwa, utaona kama utatembeya mu ligne moja ya kunyooka." Na kila mlipopiga, watu wote kanisani waliyumba pale pale unaposita.

Kwa hiyo nilirudi kutafuta jibu ndani ya wimbo. Niliona kuna sauti ulizozizima, zimefichwa chini ya zile nyingine. Nikaziwasha.

Ni wewe. Ni gitaa lako, lile lenye waya mmoja wa breki ya baiskeli. Unaanza vizuri, ng'ombe wanashuka, mguu wa kwanza, wa pili, wanasita. Halafu kwenye akodi ya tatu kitu kinakufa. Waya unalia kama bati. Unasimama. Nasikia unapumua. "Tena," unasema. Unaanza upya, na pale pale panakufa. "Tena." Papa, sikuhesabu. Kila sauti niliyoiwasha ilikuwa wewe unayeanza na kuvunjika mahali palepale. Na katika ile ya mwisho unacheka chini chini, kicheko nisichokijua, na unasema, "Basi. Ng'ombe wamekatala kushuka."

Kisha kimya, na mlio wa kiti.

Ulituambia hujarekodi gitaa kwa sababu umeme ni mbaya.

Nilikaa pale nikaanza kuona mambo moja baada ya jingine, na kila moja lilinipiga kifuani. Asubuhi za Jumapili uliponiita: "Mama, kuja ufungie mutoto wako vifungo, mikono yangu iko na haya leo." Uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako, na mimi nilifunga vifungo nikicheka, nikidhani tunacheza. Kikombe ulichokishika kwa mkono wa kuume peke yake. Na ile siku ya mlipuko wa mlima wa moto, tulipokimbilia Sake chini ya mbingu nyekundu. Mama alikuwa anapiga kelele barabarani, "Muzee, sufuria umeacha, gitaa umebeba! Majani ya sombe itapikwa mu nini, mu gitaa?" na watu tusiowajua wakacheka katikati ya hofu. Ulijikwaa kwenye mawe, ukainua gitaa juu kwa mkono wa kuume, ukaangukia ule wa kushoto. Ulisema si kitu. Gitaa lilipona. Labda ilianza pale, labda haikuanza pale. Hukumwambia mtu.

Lakini kuna jambo moja zaidi na sijui niliandikeje.

Siku ile maji yalipokatika kwa ajili ya vita, ulitoka kwenda kuchota ziwani. Miaka yote ulibeba bidon mbili za maji, moja kila mkono, na ulisema mtu mwenye bidon moja hutembea kama mlevi. Siku ile ulibeba moja. Niliona. Nilikuwa mlangoni na niliona, nikafikiri umeichukua moja ili uwahi kurudi. Ulirudi, ukaimimina kwenye pipa, ukasema, "Haitoshi, ninarudia." Na ni katika safari ile ya pili vita vilikukuta njiani.

Ni katika ile ya pili, Papa.

Sijamwambia Mama. Sijui kama nitamwambia. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe tayari unajua.

Nilitoka nje nikakaa juu ya mawe. Mlima ulikuwa wazi, na moshi wake mdogo kama wa jiko la mtu mmoja. Nilikuwa sijalia tangu mazishi, watu walianza kunishangaa, na hata pale sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Kisha nikaelewa kikapu. Hukuwa umekuwa mvivu. Ulitaka wimbo wa Mama uishe. Ulimeza maneno yako yote, ukaenda kutafuta mashini ishushe ng'ombe badala yako, ukaiweka kikapuni, na ukashindwa kubonyeza. Labda uliingoja bei ishuke. Labda ulisikiliza mifano ile ukasikia viatu, kama mimi.

Papa Dieudo anasema mapenzi ya marehemu. Lakini marehemu alikuwa na mapenzi mawili yanayogombana, na mimi nimeachwa katikati yao. Nikaona niwe na akili kama ulivyonitaka niwe. Maktaba ile inauza vitu viwili: noti, na mashini ya kuzipanga. Mashini ndogo ya kupanga imo tayari ndani ya programu yako ya kurekodi, ile uliyokataza nisiiguse. Na noti? Papa, noti ninazo. Kabla ya kila akodi ya tatu, ulikuwa mzima. Kila ulipovunjika uliniachia noti safi mwanzoni, na kwa kuwa ulijaribu tena na tena, waya zote zimo humo, mpaka ule wa breki.

Leo baada ya shule nimekukata vipande. Samahani kwa neno hilo. Nimechukua noti moja moja, nimezipanga kwenye funguo za kile kinanda chako kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, nikawasha mashini. Zikatembea sawasawa. Sauti yako, Papa, kwenye gwaride. Nilishtuka nikaizima upesi. Hapo nikajua kwamba hata ningenunua maktaba ile yote, hata wangenipa bure, haina kitu ninachokihitaji. Nikaweka mashini pembeni, nikazipiga noti zako kwa vidole vyangu mwenyewe, huku miguu ikishuka chini ya meza: wa kwanza, wa pili. Nikasita. Wa tatu.

Akodi ya tatu ikapita.

Mama alikuwa nje akisonga bugali. Nikasikia mwiko umesimama. Akaja mlangoni nao mkononi, unga umemjaa mpaka kwenye kiwiko, uso wake sijawahi kuuona vile.

"Nani anashusha ng'ombe mu hii nyumba?"

Nikamwonyesha vidole vyangu. Alitazama kinanda, akatazama gitaa lililo ukutani, akakaa chini pale pale sakafuni. Bugali ikaungua, nasi tukaisikia harufu na hakuna aliyeinuka.

"Rudilia," akasema. Nikarudilia. Na pale unaposita, Papa, Mama akayumba. Mimi ndipo nikalia.

Sasa habari za nyumbani, kwa ufupi, maana karatasi inaisha. Shule imefunguliwa. Madawati mengine yalichomwa kuni na watu waliokimbia kutoka Kibati na kulala madarasani, na Sista amesema tusiwalaumu, tuketi wanne wanne. Samaki wa Vitshumbi hawafiki, njia imefungwa, kwa hiyo Mama anauza maharage. Anasema maharage hayana macho ya kumtazama vibaya. Ni utani wake wa kwanza. Papa Dieudo amesikia kazi yangu, amefuta macho kwa kofia, akasema, "Inachechemea bado. Ni yeye." Kisha akaomba aipige besi yake upya ili iendane.

Sikununua. Lakini pia kuna kitufe cha kukitoa kile kitu kikapuni, na sikukibonyeza. Nilikaa na kidole juu yake, nikakiondoa. Waache wakukumbushe. Ni vizuri kuwe na mahali pamoja duniani panapodhani unarudi.

Siku ya kuondoa matanga nitakaa kwenye nafasi yako, kati ya anayeongoza na anayesindikiza. Wapo watakaotaka nipige kwa kunyoosha, ili kwaya isikose. Nakuahidi, sitaunyoosha mwendo wa ng'ombe. Na nitafunga vifungo vyangu vyote.

Lala, Papa. Ng'ombe wako wamefika chini.

Mimi, uliyeniita Mama