Picha Niliyoituma Kanisani

Chumba cha Nyuma,
Nyumba ya Wasaidizi wa Kanisa,
S.L.P. 214.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo uvumilie mwandiko huu wa kuku. Goti lako linaendeleaje? Na mzee wako, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mkono wangu wa kulia, uliovunjika mara mbili chini ya kiwiko. Baba amekuambia niliumia nikimtetea mtu. Amekuambia nusu.

Unaijua nyumba yetu ya kuwaficha wanawake wanaopigwa na waume zao. Sheria yake ya kwanza ilibandikwa jikoni: hakuna kupiga picha. Niliibandika mwenyewe.

Mwezi uliopita tulimpokea mshona mapazia mmoja. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amemchoma shingo kwa nondo ya moto. Kila asubuhi nilimwosha kidonda kile, na nilimpenda kweli, Shangazi. Hilo nataka ulijue. Lakini Alhamisi moja nilimwomba msaidizi mwenzangu atupige picha nikimwosha. Nilimgeuza yeye uso ukutani asijulikane, nikajigeuza mimi kwenye mwanga wa dirisha. Kisha nikaituma kwenye kundi la simu la kanisa, na aya ya Biblia chini yake. Watu sitini na wawili waliandika amina. Nilizihesabu.

Uso wake haukuonekana. Lililoonekana, nyuma ya bega langu, ni tangi la maji la shule ya jirani, na nembo yake kubwa. Mtu akamtumia mtu, naye akamtumia mwingine.

Jumamosi saa nne asubuhi fundi alifika na nyundo yake ya kazini. Mlango ulivunjika kwa mapigo matatu. Nilisimama kwenye korido nikainua mkono, naye akaupiga kama anayenyoosha chuma, mara mbili, bila hata kunitazama. Akaingia jikoni. Nilisikia taya la mkewe likivunjika. Sikujua kwamba mfupa wa mtu unalia vile, na sasa naujua mlio wake hata nikitafuna mkate. Mpishi wetu alimmwagia mwanamume yule sufuria nzima ya uji wa moto mgongoni, ndipo majirani wakaweza kumkamata. Mpishi mwenyewe anasema uji ule ulikuwa umemwungulia, heri ulipata kazi. Damu ilirukia ukuta mpaka kwenye karatasi yangu ya sheria.

Sasa kanisani naitwa Ngao. Mchungaji alinitaka nisimame Jumapili ijayo nitoe ushuhuda. “Binti yangu, watu wanahitaji kuiona bandeji hiyo,” aliniambia. Hakuna aliyeuliza fundi aliijuaje nyumba.

Niliamua nitaungama mbele ya kanisa zima. Muda si muda nikajikuta bafuni, mbele ya kioo, nikijaribu sauti yangu ikatike kwenye neno gani. Ulinibandika jina Kiherehere nikiwa na miaka sita, kwa kuwa nilisali kwa sauti kubwa wageni wakiwa sebuleni. Mtoto yule hajafa, Shangazi.

Jana nilikwenda hospitali kwanza. Taya lake limefungwa kwa waya. Nilimwambia yote, nikajizuia kulia, maana machozi nayo yangeomba kutazamwa. Akanyoosha kiganja apewe simu. Aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasema polepole kupitia meno yaliyofumbwa, “Dada, wewe umetoka vizuri.”

Akageuza uso ukutani, vilevile nilivyomgeuza mimi.

Leo asubuhi nimemweleza mchungaji ofisini kwake. Ameniondoa kwenye uongozi wa nyumba ile, na sababu hataitangaza. Mimi nitamjibu kila atakayeniuliza. Asiyeuliza sitamtafuta. Wanawake wamehamishiwa nyumba nyingine, nami nimeomba nisiambiwe ilipo. Mpishi ataniletea mashuka yao hapa, niyafue kwa mkono mmoja.

Nisalimie mzee wako, na mama mdogo, na wale pacha wasiokubali kuchana nywele. Mungu akulainishie goti na akupe usingizi. Barua hii usimsomee mtu, na wewe mwenyewe, nakuomba, usinisifu kwa kuiandika.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na kukukumbuka,

Kiherehere