Michembe Bila Moto

Buswelu, Mwanza

Mwanangu Chenge,

Huku tu wazima. Ng'ombe amezaa, na dada yako amekataa tumpe ndama jina mpaka urudi kutoka Kongo.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama ile michembe niliyokufungia inaliwa bila kupikwa. Nikakucheka: askari mzima hajui viazi vikavu huchemshwa! Ukacheka nawe, ukasema kambini ni shwari. Simu ilipokatika ndipo nikaelewa. Waasi wanaotajwa redioni wamewazingira, hamtoki hata kutafuta kuni.

Iloweke, mwanangu, utafune polepole.

Sasa naanika matobolwa, viazi vilivyochemshwa kabisa. Hayo hayataki moto. Yatakuja njia ikifunguka. Baba yako sijamwambia kitu. Ameuliza naanika ya nani, maana wewe hukuwahi kuyapenda. Nimemjibu umekua.

Mama yako,
Teodora