Sufuria Lililobaki Kaole

Jumanne, 14 Mei 1957. Asubuhi rasharasha, mawingu mazito upande wa bara, njia zote tope.

Leo nimeamka barua ikiwa tayari. Niliiandika juzi kwa karani wa boma, kwa mwandiko wangu bora: Bi Mwanaidi wa Kaole alikodi kwangu sufuria la pilau la pishi sita kwa harusi ya bintiye, mwezi wa Shaabani, kwa siku tatu. Ramadhani imekuja na imekwisha. Sufuria halijarudi. Naomba ashitakiwe kwa wizi.

Neno hilo, wizi, nililiandika na kulipigia mstari.

Kaka Omari ndiye aliyenitia moyo. "Akilala ndani siku moja tu," alisema, "sufuria litakuja mbio lenyewe, wala halitahitaji mbebaji." Nikakubaliana naye. Kitu cha kukodi si zawadi. Vyombo hivi ninavyokodisha ndivyo vinavyonilisha, na Ijumaa kuna harusi nyingine ambayo nimekwisha kuiahidi sufuria hilo.

Hata hivyo sipendi kumshitaki mtu kabla ya kumwuliza. Nikaitia barua mkobani, nikajitanda kanga, nikaenda Kaole kwa miguu.

Sufuria nililiona hata kabla sijatoa shikamoo. Lilikuwa juu ya uchaga, limesuguliwa kwa mchanga na majivu, linang'aa kuliko nilivyolitoa. Mwizi hasugui namna ile.

"Bi Mwanaidi, mbona hukulirudisha?"

"Tupu, mwanangu? Nirudishe sufuria tupu, mamako anicheke? Nangoja mpunga. Wa kwanza umezama kwa mvua, basi nangoja mwingine."

"Lakini chombo cha kukodi hurudi kitupu. Ulikwisha lipa."

"Kukodi ni huko mjini kwenu. Mimi uliniambia, 'Chukua, Bi Mwanaidi, nimekuazima.' Cha kuazima kitarudije hakina kitu ndani?"

Ni kweli. Nilisema hivyo. Pesa yake niliipokea, kisha nikaona haya kumtamkia mtu mzima neno kukodi, nikasema kuazima. Kwenye barua ya boma sikuona haya.

Ningemfungisha mtu kwa sababu ya adabu zake.

Nilitaka kulibeba niondoke. Akalishika kwa mikono miwili. Majirani walikuwa barazani wanatutazama, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Basi tia kisamvu," nikamwambia.

Akatoka nje mvuani, akachuma mpaka sufuria likajaa. Nikapita mbele ya majirani nimelitwika kichwani, naye ananisindikiza kwa sauti ya kusikika: "Msalimie mama. Mwambie kisamvu kichanga hicho, asikiharibu kwa ubahili wa nazi."

Barua nimeichana. Lakini sijabadili mawazo yote. Anayekificha chombo cha mwenzake, au kukiuza, au kukikana, huyo ni mwizi, nami nitamfikisha boma, awe jirani awe ndugu. Anayechelewa nitamwuliza kwanza, siku ya nne, mimi mwenyewe, nyumbani kwake.

Na kuanzia kesho nitalitamka neno kukodi mbele ya yeyote, na siku ya kurudisha nitaitaja. Nitaongeza: kirudi kitupu, si aibu. Wakiniona mkavu, na wanione.

Saa nne na dakika kumi usiku, nalala.