Nimekataa kumtaja Saidati, ila sindano naiogopa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nimegombana na ukoo mzima wa mume wangu na sijutii, ila kuna jambo moja sijamwambia mtu. Mimi nina miaka thelathini na sita, nilizaliwa ukimbizini Karagwe, nikarudi Rwanda mwaka tisini na nne na kuolewa mjini Gisenyi na Callixte, tuna watoto wawili, nauza vitenge soko la Mahoko, na vitenge hivyo naletewa na rafiki yangu Saidati, Mwislamu wa Goma ng'ambo ya mpaka, ambaye kwa miaka minne tumekula sahani moja. Sikukuu ya Idi nilikula pilau kwake, na wiki mbili baadaye mwili ukaanza kuniwasha mpaka nikajikuna damu, mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakawa manjano, kisha ikanishika homa ya kutetemesha na maumivu chini ya mbavu za kulia. Mama mkwe hakuuliza naumwa wapi, aliuliza nilikula kwa nani.

Nikapelekwa kwa mganga wa kutapisha sumu, nikanyweshwa majani, nikatapika, akaokota ndani ya beseni kipande cheusi cha nyama akisema ndiyo sumu yenyewe, lakini mimi nilikuwa nimekiona mkononi mwake kabla sijainama. Nilisema hapo hapo, nikaambiwa homa imenivuruga akili.

Saidati aliposikia anasemwa hakukimbia. Alivuka mpaka asubuhi akaja hadi mlangoni kwetu, akamwambia mama mkwe, "Mi sikumupa kitu mubaya. Bon, muniache niende naye kwa dokta, aangalie iko nini ndani." Mama mkwe akafunga mlango, mimi nikatokea wa nyuma.

Daktari wa Goma alinipaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile chombo cha kupiga picha, akanichorea ini nyuma ya karatasi. Alisema ndani ya ini kuna mirija midogo midogo inayokusanya nyongo, inaungana na kuungana mpaka unatoka mmoja mkubwa kwenda utumbo, na yangu mingi imezibwa na vijiwe, hasa upande wa kushoto, huenda vilianza miaka mingi nyuma kwa minyoo waliopanda kutoka tumboni, na nyongo ikikwama vijidudu vinazaliana humo, ndiyo hiyo homa. Akanipa vidonge vya kunishikiza na barua ya kulazwa, nichomwe dawa ya mshipani, baadaye pengine nipasuliwe.

Jumapili ukoo ukakutana nyumbani ili nimtaje kwa kinywa changu aliyenilisha sumu, maana mganga alisema bila hivyo siponi, majirani wamejaa mpaka uani. Callixte, ambaye si mtu mbaya, aliniinamia akasema, "Sema jina tu, donc tumalize, upone." Nilijua nikilitamka, Saidati hatavuka tena mpaka salama, kwa sababu mwaka jana mama mmoja wa mtaa wetu alitajwa hivyo hivyo akapigwa mpaka mkono ukavunjika. Nikasimama na macho yangu ya manjano nikawaambia, "Jina mnalolitaka ni la mtu aliyenipeleka kwa daktari mliponifungia mlango. Hilo siwapi, na lingine sina." Mama mkwe akasema nisilale tena chini ya paa lake mpaka nikubali kutapishwa mara ya pili. Nikachukua watoto nikaja kwa kaka yangu Protais, hapa hapa wilayani Rubavu.

Sasa aibu yangu, mshauri. Ile barua ya kulazwa leo ni siku ya tisa imekaa sandukuni. Tangu nirudi nchi hii nasikia kwamba aliyelishwa sumu akichomwa sindano anakufa papo hapo, na ingawa niliwapinga wote, kila nikiitoa ile barua naikunja tena na kuirudisha. Vidonge vimeisha na homa imetulia. Je, nisubiri kidogo?

Mukasine, Rubavu

Mukasine, mdogo wangu,

Hapana, usisubiri hata kidogo.

Pole kwa maumivu, na hongera kwa Jumapili ile. Wengi wenye afya kamili wangelitamka hilo jina ili waachwe walale.

Lakini nitakugombeza. Nilikuwa muuguzi miaka kumi na saba kabla ya kushika kalamu hii, na najua imani ya sindano inatoka wapi. Mgonjwa anatapishwa wiki tatu, anakauka maji, ini linachoka, analetwa kwetu amebebwa. Anachomwa sindano saa yake ya mwisho, anakufa, na lawama inabebwa na sindano. Nimewafunika shuka watu wa namna hiyo. Waliuawa na kuchelewa.

Vidonge vimetuliza homa, jiwe hata moja havikutoa. Mrija ukiwa umeziba, homa itarudi, na vijidudu vikiingia kwenye damu havikupi siku tisa nyingine. Na nisikilize vizuri hapa: kila siku unayoikwepa sindano kwa hofu hiyo, unamtaja Saidati kimoyomoyo. Uliwanyima watu wote jina lile, kisha ukaupa woga wako.

Kesho asubuhi Protais akupeleke hospitali. Beba barua, beba na ule mchoro. Mwambie muuguzi kila jani ulilonyweshwa, usifiche kwa aibu. Wakisema upasuliwe hospitali kubwa, nenda. Kwa mganga usirudi, hata wakikusamehe. Watoto wapewe dawa ya minyoo, na maji ya kunywa yachemshwe.

Callixte mtumie ujumbe mmoja tu: jina la wodi na namba ya kitanda. Usimbembeleze. Kama bado ni mume wako, atakuja na uji. Asipokuja, Saidati atauleta, nawe keti kitandani uunywe mbele ya wodi nzima.