Kikombe Ulichompa Baba

Mama, mwaitu,

Ni mwezi wa pili sasa tangu presha ikuangushe nyuma ya nyumba ukifua suruali za Baba. Pipa la kangara ya chang'aa uliloacha likichacha liligeuka siki. Nimelimwaga. Wateja wako bado wanakuja kutoka Muthetheni kuniuliza kama nitapika. Wanasema chang'aa yako haikuwaumiza kichwa. Ni kweli. Ilikuwa sukari, hamira, maji ya kisima, na wewe hapo motoni bila kuondoka. Yule mtu wa Athi River alipokuletea mtungi wa spiriti ya kiwandani uongezee makali, ulimwambia, "Hii peleka kwa mama yako."

Lakini mtungi ulibaki.

Nilikuona, Mama. Sikuwahi kukuambia. Ilikuwa wiki ile Baba alipokuvunja mkono kwa mwiko wa kukorogea kangara. Ulimmiminia kutoka kwa ule mtungi kwa mkono uliobaki, ukaongeza yako kidogo juu, ukampa kikombe ukimwita "mume wangu". Kesho yake akaamka akiuliza kwa nini hatujafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa linampiga usoni.

Miaka tisa ukamlisha, ukamwosha, ukamshika mkono hadi chooni. Kanisani wakakusifu kwa uvumilivu. Wewe ukatazama chini, na mimi nikanyamaza.

Juzi nilimwambia Baba nilichoona. Nilitaka aumie. Alikuwa anakula muthokoi, na hakuacha kutafuna.

"Nilijua," akasema. "Nilipomeza mara ya pili nilijua. Nilipopofuka, dada yangu wa Matuu aliniita nikakae kwake, nikakataa. Nilitaka mama yako anione kila asubuhi."

Halafu akacheka, Mama. Akaomba chumvi.

Kumbe kila alipokuambia "Asante, Mama Mwende", alikuwa anakutonesha kidonda makusudi. Nakumbuka ulivyokuwa ukiangusha kijiko akisema hivyo. Mimi nilidhani ni ugonjwa.

Siku ya mazishi alikataa kutoka ndani. Jana aliniomba nimpeleke kwenye kaburi lako, eti ana neno la mwisho la kukuambia. Nikamshika mkono. Nikamzungusha shambani, tukapita mbaazi, tukapita zizi, nikamsimamisha mbele ya kile kichuguu kikubwa cha mpakani. Akapapasa udongo, akapiga magoti. Akaongea mpaka sauti ikamkauka. Siwezi kuyaandika hapa aliyoyasema. Alipomaliza alikuwa analia, akanishukuru kwa kumfikisha. Nikamwambia, "Karibu, Baba," nikamrudisha nyumbani taratibu asijikwae.

Lala, mwaitu. Sijui kama nimekusamehe. Yeye najua sijamsamehe. Lakini hili nakuahidi: kaburi lako liko upande wa pili, chini ya dirisha langu, na miguu yake haitafika hapo. Mimi ndiye macho yake sasa.

Ni mimi mwanao,
Mwende