Marashi ya Délice

Songo, Uvira
11 Februari 2024

Mwanangu Annie,

Nakusalimu sana, weye na watu wa kwako wote. Hujambo? Cherehani haijambo? Minye niko, magoti tu ndiyo yanalalamika. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nalia, na unité zinaisha kabla sijasema neno. Barua hii nampa Bruno, anayevusha mawese mpakani kila juma. Amesema atakufikishia hadi Buyenzi.

Tangu tumzike dada yako Délice nyumba imekuwa kubwa. Lakini leo nakuandikia juu ya Ira. Mtoto wa miaka mitatu hajui kipindupindu ni nini. Anajua tu kwamba mama yake alitoka na hajarudi. Unakumbuka watu wa kituo cha afya walivyopulizia nyumba ya Délice klori? Kila kitu kilinuka klori, hata mto, hata viatu. Kisha Ernestine, dada ya shemeji yako Libérat, akafanya kama tunavyowafanyia marehemu wote: akapeleka nguo ziwani, akazifua, akazigawa kwa ndugu. Simlaumu, ndiyo desturi yetu. Ila kile kitenge cha kijani chenye ndege, Délice alikisahau kwangu Jumapili ile kabla hajaugua. Nilikificha chini ya godoro. Hakijafuliwa.

Ira analala amekishika puani. Bila hicho analia mpaka sauti inakauka. Na harufu inapungua, mwanangu. Lazima nivute pumzi mara nyingi ndipo niipate.

Nisaidie kutafuta marashi yale. Chupa ilipotea siku ya klori. Libérat ndiye aliyeyanunua huko Bujumbura wakati wa ndoa yao, nikamuuliza jina. Akasema, "Mama, ilikuwa chupa. Iko ya mviringo." Wanaume! Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Mimi nakumbuka hivi. Délice akitoka tu kujipaka, yalikuwa maua meupe, kama yale ya kwenye ua wa masista yanayofunguka jua likishuka, mpaka unageuka kuangalia nani amepita. Baada ya saa moja maua yanatulia, na chini yake inakuja harufu ya joto, tamu kidogo, kama ubani kanisani misa ikishaisha, na sukari inayoanza kuungua kwenye sufuria. Hiyo ya chini ndiyo ilikaa kwenye nguo. Motard akimshusha sokoni, wenzake walimtania: "Leo umembeba Délice, hata pikipiki yako imeoga!"

Nilimwambia siku moja, muuza ndagala anayeshinda na harufu ya samaki, na marashi ya namna hiyo, vinapatana wapi? Akanijibu, "Mama, sitaki mtoto wangu anijue kwa ndagala."

Nimekata kipande cha kitenge pembeni, nimekifunga ndani ya saché mbili za plastiki. Muuzaji akinuse, halafu ukifunge tena haraka.

Mama yako,
Mama Délice

(Majirani wameanza kuniita Mama Annie ili wasiniumize. Usikasirike, mwanangu. Siitikii.)


Buyenzi, Bujumbura
3 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Magoti yanaendeleaje? Unayapaka mafuta niliyotuma? Huku sisi wazima, joto tu.

Mama, nimeyapata! Nilizunguka maduka ya mjini, wasichana wananipulizia mkononi mpaka kichwa kikauma. Yote yalikuwa maua tu, au sukari tu. Mwishoni nikaenda kwa Mama Zubeda, anayeuza marashi karibu na msikiti hapa mtaani. Nikampa kile kipande. Akanitazama: "Weye si mshonaji? Unaniletea kitambaa nikushonee?" Halafu akanusa, akaacha mchezo. Akafumba macho muda mrefu.

Akasema, "Huyu alipenda maua meupe juu ya ambari. Maua yanaita watu. Ambari inawakalisha." Akaniuliza kama ni mtu wangu. Nikasema ni dada yangu.

Akatoa chupa tatu. Ya tatu ndiyo yenyewe. Ili tuhakikishe, alidondosha tone moja juu ya kile kipande, nikanusa, sikuona tofauti hata kidogo. Nililia dukani kwa watu, Mama. Nilihisi ameingia mlangoni.

Chupa anayo Bruno, nimeifunga ndani ya soksi. Mbusu Ira.

Mwanao,
Annie


Songo
24 Machi 2024

Mwanangu Annie,

Hujambo? Mungu akubariki wewe na huyo Mama Zubeda. Chupa ilifika salama.

Ni yenyewe. Nilipoifungua nilikaa chini.

Lakini sikiliza yaliyotokea. Nilipulizia kitenge mchana, Ira anacheza uani na vifuniko vyake vya chupa. Upepo ukampelekea harufu. Akainua kichwa, akatupa vifuniko, akakimbilia mlango wa barabarani, akiniita mimi bibi yake: "Koko! Koko! Mama iko anakuja!" Akasimama pale. Nikamwita ale, hataki. Kila mwanamke anayepita, anamchungulia uso. Jua likazama bado amesimama. Nilipombeba alinipiga kifuani akisema, "Weye umemfungia!"

Nikangoja siku chache, nikajaribu tena. Ni vilevile, mlangoni.

Nimefunga chupa. Sijui nimfanyie nini. Nilitaka apate mama kidogo, kumbe namfanya afiwe upya.

Mama yako,
Mama Délice


Buyenzi
31 Machi 2024

Mama,

Pole sana. Pasaka njema hata hivyo, kama tunaweza kusema hivyo mwaka huu.

Nimefikiri sana. Harufu ikija peke yake, Ira lazima amtafute mwenye harufu. Jipake weye, Mama. Mchukue mapajani kwanza, ndipo ujipake. Aipate kwa mtu anayemshika, asiitafute barabarani.

Mwanao,
Annie


Songo
14 Aprili 2024

Mwanangu,

Nakusalimu. Ulikuwa na haki. Siku ya kwanza alinusa shingo yangu, akaniangalia sana usoni, kisha akalala palepale. Hamtafuti tena mlangoni. Najipaka kila siku kabla hajalala. Mimi mwenyewe nikiinama kufunga nguo nadhani Délice yuko nyuma yangu, nageuka.

Maji ya ziwa yanapanda. Bruno anasema barabara ya Gatumba inaanza kufunikwa. Barua zikichelewa, usiogope.

Mama yako,
Mama Délice


Buyenzi
9 Juni 2024

Mama yangu,

Hamjambo huko? Tangu Aprili sijapata hata mstari. Nasikia maji yameingia nyumba nyingi. Nikifika ufukweni naiona milima ya Uvira, lakini sijui kama mko chini yake mnakula. Ira anaendeleaje? Mama Zubeda anakusalimu, ameniwekea chupa ya pili. Niitume?

Niandikie, Mama.

Mwanao,
Annie


Songo
18 Agosti 2024

Mwanangu Annie,

Nakusalimu, na nakuomba unisamehe kwa kunyamaza. Maji hayakutufikia. Barua yako Bruno aliileta zamani, ila sikuwa na la kuandika. Ira mzima. Anakula, anaimba, analala vizuri.

Usitume chupa ya pili.

Jumapili moja tulikutana na Ernestine tukitoka misa. Aliponikumbatia alishtuka, akaanza kulia. "Mama Délice, iko harufu yake!" Akachuchumaa kwa Ira. "Ira, hii harufu ya nani?"

Ira akamwangalia kama mtu anayeuliza jambo la kijinga. "Ya Koko."

"Na mama yako?"

Ira akafikiri. Kisha akanigeukia mimi. "Koko, mama alinukia nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie: maua meupe, na ule utamu wa joto chini yake. Lakini hayo yote niliyavaa mimi, Annie. Nikimwambia, atanikumbuka mimi. Na mimi nikinusa kitenge sasa sipati mtu, napata mikono yangu mwenyewe. Nilitaka kukuomba kile kipande cha pembeni, nikakumbuka tone la Mama Zubeda.

Ernestine alikuwa ananiangalia. Mtoto alikuwa anangoja. Nilitafuta kitu cha Délice ambacho sijakigusa, kikabaki kimoja tu.

Nikasema, "Ndagala. Mama yako alinukia ndagala."

Délice anisamehe.

Kitenge nimekifua ziwani. Ira alinisaidia kukikamua.

Jana tulipita sokoni. Kwenye meza za ndagala aliniachia mkono, akasogea, akainama juu ya samaki na kuvuta pumzi ndefu kama nilivyokuwa nikimwona akifanya na kitenge. Wauzaji wakacheka: "Mtoto wa nani huyu, anataka kununua?"

Kisha akaziba pua, akarudi kwangu, akaficha uso wake ndani ya nguo zangu.

Mama yako